Kulala kwenye vibanda vya Milima ya Alps, kwa miguu au kwa baiskeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi Tirol ya Austria na, ng'ambo ya mpaka, Südtirol na Dolomiti za Italia. Huko vibanda ni vingi na mabonde yana njia nzuri za baiskeli. Uswisi na Ufaransa zimetajwa pale taratibu zake zinapotofautiana. Saa zimeandikwa kwa Kiswahili, na saa utakayoikuta ukutani imewekwa kwenye mabano, maana chakula cha jioni hakimsubiri aliyekosea saa.

Vibanda hivi vinatofautianaje na vya Kilimanjaro?

Anayeijua njia ya Marangu, yaani Mandara, Horombo na Kibo, atakuta mambo matatu mageni. Kwanza, kwa kawaida hakuna lango wala ada ya kuingia mlimani, na hulazimiki kuwa na mwongozaji wala wapagazi. Unatembea mwenyewe na mzigo wako mgongoni. Pili, huji na mpishi. Kibanda kina jiko, wahudumu na msimamizi anayeishi pale msimu mzima, na chakula unanunua. Tatu, viko chini zaidi: vingi viko kati ya mita 1,800 na 2,800. Hata Capanna Regina Margherita, jengo lililo juu kuliko yote barani Ulaya, liko mita 4,554, yaani chini ya kibanda cha Kibo.

Sehemu kubwa ilijengwa na vyama vya wapanda milima: cha Austria kilichoanzishwa 1862, vya Uswisi na Italia vya 1863, na cha Ujerumani cha 1869. Usishangae kukuta kibanda ndani ya Austria kikimilikiwa na tawi la mji wa Ujerumani, hilo ni jambo la kawaida. Vingine ni vya watu binafsi, hasa Dolomiti.

Kabla ya yote, fahamu vitu vinavyofika vipi. Chakula, gesi na bia hupandishwa kwa helikopta, kwa kamba ya waya ya mizigo, au kwa gari panapopitika. Maji ni ya chemchemi au ya theluji inayoyeyuka. Umeme ni wa jua au wa mtambo mdogo wa maji, na taka huteremshwa kwa njia ileile vilivyopandia. Karibu kila sharti utakalolikuta, kuanzia bafu la kulipia hadi kukatazwa kuacha maganda ya ndizi, linatokana na hapo.

Je, kila jengo lililoandikwa Hütte au rifugio lina vitanda?

La. Maneno hayo ni "kibanda" kwa Kijerumani na kwa Kiitalia, lakini sehemu za chini utakuta nyumba nyingi zenye jina la Hütte ambazo ni mikahawa tu, na zinafungwa jioni. Alm (kwa Kiitalia malga) ni makazi ya wafugaji wakati wa kiangazi: wanauza maziwa, jibini na vyakula vichache, na baadhi tu wana vyumba. Bivacco ni kijumba kidogo, mara nyingi cha bati jekundu, chenye vitanda visivyozidi kumi, kisicho na mtu wala chakula. Hakifungwi, na ni cha dharura au cha wapandaji wazoefu. Anayepanga safari kwa kuangalia alama za ramani peke yake hujikuta saa 12:00 jioni (18:00) mbele ya mlango uliofungwa. Tafuta jina la kila kibanda na uhakikishe kina malazi, na kwa tarehe zako.

Msimu ni lini?

Vibanda vingi hufunguliwa katikati au mwishoni mwa Juni na kufungwa kati ya katikati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Vya chini huanza Mei. Juni ina mtego wake: bonde ni la kijani na maua yamechanua, lakini upande wa kaskazini wa migongo ya milima bado una theluji ngumu yenye mteremko mkali, na asubuhi huteleza kama kioo. Watu huumia hapo. Kama hujawahi kutumia vyuma vya barafu vya kufunga viatuni, njia zinazovuka juu ya mita 2,400 ziache hadi wiki ya pili ya Julai. Septemba ndio mwezi wetu wa kwanza kuupendekeza: hewa imetulia, radi zimepungua, vitanda vinapatikana. Ila giza huingia mapema na theluji mpya inaweza kuanguka usiku mmoja.

Nafasi inahifadhiwaje?

Vyama vya Austria, Ujerumani, Südtirol na Uswisi vinatumia mfumo mmoja wa mtandaoni, hut-reservation.org, ingawa si kila kibanda kimo. Vya binafsi, hasa Dolomiti, huandikiwa barua pepe au hupigiwa simu. Wengi huomba malipo ya awali.

Kosa la kawaida ni kuhifadhi usiku wa kwanza, kisha wa pili, kisha kugundua kwamba wa tatu umejaa na mnyororo wote umekatika. Anza na kibanda kigumu kupatikana kwenye njia yako, kile kidogo au kile kinachopigwa picha sana, halafu jenga siku nyingine kukizunguka. Jumamosi za Julai na Agosti hujaa miezi kadhaa kabla, lakini Jumapili hadi Jumatano mara nyingi kuna nafasi hata wiki mbili kabla.

Ukibadilisha mpango, toa taarifa. Zaidi ya faini, kuna jambo zito: mtu aliyetarajiwa asipofika na simu yake haipatikani, msimamizi anaweza kuita waokoaji waanze kumtafuta.

Nikifika bila kuhifadhi?

Usiku ukiwa umeingia au hali ya hewa ikiwa mbaya, hufukuzwi. Utapewa godoro ukumbini au benchi. Lakini ukifika saa 9:00 alasiri (15:00) jua likiwaka na bonde liko mwendo wa saa mbili chini, msimamizi ana haki ya kukuambia uteremke, na wengi hufanya hivyo.

Gharama ni kiasi gani?

Chukua hizi kama makadirio. Kwenye vibanda vya vyama huko Austria, kitanda cha bweni kwa mwanachama ni kama euro 15 hadi 20, na asiye mwanachama huongeza angalau euro 10. Chakula cha jioni na kifungua kinywa kwa bei moja (Halbpension, mezza pensione, demi-pension) huongeza euro 35 hadi 45. Vibanda binafsi vya Dolomiti hutoza kitanda pamoja na milo hiyo miwili euro 70 hadi 100, wakati mwingine zaidi. Uswisi weka faranga 80 hadi 100, na ujue kwamba chupa ya maji ya lita moja na nusu inaweza kufika faranga 10.

Beba fedha taslimu. Kuna vibanda vyenye mashine ya kadi, lakini mtandao ukikatika kwa radi mashine hiyo haina kazi. Kiwango salama ni gharama ya usiku mmoja kwa kila siku ya safari na usiku mmoja wa akiba, kwa noti ndogo. Uswisi beba faranga. Euro zikipokelewa, chenji utakayorudishiwa haitakufurahisha.

Uanachama wa chama cha milima una faida?

Ukikusudia kulala zaidi ya usiku wachache, ndiyo. Chama cha Austria kinapokea watu wa taifa lolote. Ada ya mwaka ya mtu mzima haifiki euro 100, kwa hiyo kwa tofauti ya euro 10 kwa usiku inarudi baada ya kulala mara nane hivi. Kadi yake inaheshimiwa pia kwenye vibanda vya vyama vya nchi jirani, na ndani yake kuna bima ya kuokolewa mlimani hadi euro 25,000. Hiyo bima peke yake inatosha kuwa sababu. Mwanachama pia anaweza kuagiza Bergsteigeressen, sahani ya bei nafuu yenye kushibisha, na maji ya moto ya kujipikia chai. Kwenye vibanda binafsi kadi hiyo kwa kawaida haina uzito.

Nikifika kibandani nifanye nini, kwa mpangilio?

Jitahidi ufike kabla ya saa 11:00 jioni (17:00). Fimbo za kutembelea na viatu vyenye tope vinabaki kwenye chumba cha viatu karibu na mlango. Kuingia ukumbini na viatu vya mlimani ni aibu inayosameheka mara moja tu. Kandambili au malapa ya kibanda mara nyingi yapo, ingawa saizi kubwa huisha mapema.

Kisha nenda kwa msimamizi, taja jina lako, onyesha kadi ya uanachama na kitambulisho. Hapo ndipo utaje usichokula, maana jikoni wanaanza kupika mapema. Utapewa namba ya kitanda au ya magodoro yaliyopangwa sambamba, mtu na mtu, wanaume na wanawake pamoja. Anayehitaji chumba cha watu wachache aombe wakati wa kuhifadhi, si wakati wa kufika.

Andika jina kwenye kitabu cha wageni pamoja na unakokwenda kesho. Kitabu hiki si kumbukumbu ya kujifurahisha. Ukipotea, hapo ndipo waokoaji huanzia.

Tandika kitanda sasa, kukiwa na mwanga. Blanketi na mto vipo, lakini shuka la kushonwa kama mfuko ni lazima uje nalo au ulinunue pale, kwa sababu blanketi haziwezi kufuliwa kila siku kwa maji ya theluji. Baadhi ya vibanda vimepata kunguni walioletwa na mabegi ya wageni, kwa hiyo usishangae ukiambiwa begi libaki nje ya chumba cha kulala, au shuka lako lipitishwe kwenye maikrowevu kabla ya kupanda nalo. Fuata bila ubishi.

Chakula cha jioni ni saa 12:30 jioni au saa 1:00 usiku (18:30 au 19:00), watu wote kwa pamoja. Baada ya kula ndipo wengi hulipa, na kulipa usiku huokoa foleni ya asubuhi. Kimya kinaanza saa 4:00 usiku (22:00) hadi saa 12:00 asubuhi (6:00). Anayetoka alfajiri apange begi usiku, na mifuko ya plastiki inayolia chakacha aiache nyumbani. Hakuna kelele inayochukiwa zaidi bwenini.

Asubuhi kunja blanketi, fagia chembe zako, beba taka zako zote. Pipa la wageni halipo, na halikusahaulika.

Vipi kuhusu chakula halali?

Kwa Mwislamu, hapa panahitaji kuuliza, kwa sababu nyama ya nguruwe huingia mahali usipoitegemea. Knödel, matonge ya mkate ndani ya mchuzi, mengi yana vipande vya Speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Kaspressknödel ni ya jibini, ila mchuzi wake kwa kawaida ni wa mifupa ya ng'ombe ambaye hujui alichinjwaje. Viazi vya kukaanga vya Tirol (Gröstl) na Rösti za Uswisi mara nyingi huja na Speck juu. Fondue, jibini ya kuyeyushwa, hupikwa kwa divai nyeupe. Kaiserschmarrn, chapati nene ya mayai iliyopasuliwa vipande na kunyunyiziwa sukari, ingekuwa salama kabisa, ila zabibu zake kavu wakati mwingine hulowekwa kwenye ramu.

Yaliyo rahisi ni Käsespätzle (tambi za mayai na jibini), tambi kwa nyanya, mayai na viazi visivyo na Speck, na upande wa Italia polenta. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano, laini kidogo kuliko wa kwetu, na ukiletewa na jibini au uyoga utashiba hadi asubuhi. Anayejihadhari na jibini aulize kimeng'enya kilichotumika. Jibini nyingi za kienyeji hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Wakati wa kuhifadhi andika tu kwamba huli nyama, "vegetarisch" au "vegetariano", kisha ukifika ongeza "ohne Alkohol" au "senza alcol". Ombi la sahani isiyo na nyama hueleweka kila mahali, wakati ombi la halali hueleweka nusu na huleta kuku asiyejulikana. Baada ya chakula msimamizi anaweza kuleta vikombe vidogo vya pombe ya mimea kama zawadi ya nyumba. Kukataa kwa kuweka mkono kifuani na kushukuru hakumkwazi mtu.

Na kuswali?

Muulize msimamizi kona tulivu. Chumba cha kukaushia nguo au ukumbi baada ya wageni kulala hutosha. Mwezi wa Julai alfajiri inaingia mapema sana, katikati ya saa za kimya, basi weka kengele ya mtetemo na uandae mswala karibu na mlango. Maji ya kutawadha tumia kidogo, na chupa ya nusu lita inatosha. Kibanda kikitangaza uhaba wa maji, bomba la chooni si mahali pa kuoshea miguu watu wakiwa foleni.

Kuna bafu, umeme na mtandao?

Bafu, likiwepo, ni la kulipia: unanunua jetoni ya euro 3 hadi 5 kwa dakika chache za maji ya moto. Jisugue sabuni kabla ya kuiingiza. Vibanda vya juu havina bafu kabisa, ni beseni na maji baridi.

Si kila bomba lina maji ya kunywa. Maandishi ya "kein Trinkwasser", "acqua non potabile" au "eau non potable" yanamaanisha usiyanywe. Maji hayo hayajapimwa, au yanapita kwenye malisho.

Soketi ni chache na huzimwa usiku. Pawabenki ya mAh 10,000 huchaji simu mara mbili hivi, na simu ikiwekwa kwenye hali ya ndegeni mchana kutwa itadumu siku mbili. Plagi za pini tatu nene za Kenya na Tanzania haziingii huku, kwa hiyo beba adapta ya pini mbili za mviringo. Ile nyembamba huingia Austria, Italia, Ufaransa na hata Uswisi. Mtandao wa simu upo juu ya migongo kuliko ndani ya mabonde.

Nibebe nini?

Begi la lita 30 hadi 40, na mzigo usiozidi kilo 8 pamoja na maji. Ukizidi hapo, umebeba vitu vya hofu.

Vya lazima: koti la mvua lisilopitisha maji, sweta la joto hata Agosti, kofia na glavu nyembamba, suruali moja na kaptula moja, soksi za sufu jozi mbili, shuka la mfuko (la hariri lina uzito wa gramu 150 hivi), taa ya kichwani, viziba masikio, taulo ndogo, chupa za lita 1.5 hadi 2, krimu ya jua, ramani ya karatasi au iliyopakuliwa, fedha, pasipoti, plasta za malengelenge, na blanketi la dharura la karatasi ya fedha. Viatu viwe na soli yenye meno makali. Raba za mbio zinatosha kwenye barabara za bonde, lakini kwenye mteremko wa kokoto kifundo cha mguu kitajuta.

Nguo za jinzi za kila aina ziache. Zikilowa hazikauki.

Nakadiriaje muda wa kutembea?

Kilomita peke yake zinadanganya. Kanuni inayotumika Ujerumani na Austria ni hii: kwa saa moja hesabu kilomita 4 za mlalo, mita 300 za kupanda, mita 500 za kushuka. Tafuta muda wa mlalo na muda wa kimo kila mmoja peke yake, chukua ulio mkubwa, ongeza nusu ya ule mdogo.

Mfano: kilomita 9 na kupanda mita 1,200. Mlalo ni 9 gawa kwa 4, yaani saa 2 na robo. Kimo ni 1,200 gawa kwa 300, yaani saa 4. Mkubwa ni 4, nusu ya mdogo ni saa 1 na dakika 7. Jumla ni saa 5 na dakika 7, bila mapumziko. Ongeza robo kwa kula, kupiga picha na kubishana kuhusu njia. Muda ulioandikwa kwenye vibao vya njiani nao hauna mapumziko ndani yake.

Siku ya kwanza usipange zaidi ya saa 5 za hesabu hii. Miguu iliyokaa kwenye ndege na treni haijui bado kilichoipata.

Rangi na herufi za vibao zina maana gani?

Austria: kibao cha njano bila kitone ni njia rahisi, kitone chekundu ni njia ya mlima ya ugumu wa kati, cheusi ni njia nyembamba yenye mteremko mkali na sehemu za kushika kamba ya chuma. Uswisi: njano ni ya kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni ya mlima, nyeupe-bluu-nyeupe ni ya wenye uzoefu wa miamba na barafu. Italia hutumia herufi: T (rahisi, ya watalii), E (ya watembeaji), EE (ya watembeaji wazoefu) na EEA. EEA maana yake ni njia ya vyuma inayohitaji kofia ngumu, mkanda wa kiunoni na kamba za kujifunga. Usiifuate kwa sababu tu kwenye ramani inaonekana fupi.

Naweza kufika kibandani kwa baiskeli?

Kwa vingine ndiyo, lakini sheria kwanza. Austria, kwa mujibu wa sheria ya misitu ya 1975, kila mtu anaruhusiwa kutembea msituni, lakini kuendesha baiskeli kwenye barabara za msitu ni pale tu mwenye ardhi amekubali na kibao kimewekwa. Barabara pana ya kokoto isiyo na kibao cha baiskeli haijafunguliwa kwako, hata kama programu ya simu imekuchorea mstari juu yake.

Njia halali inayopendwa sana ni ya bonde la Karwendel: kutoka Scharnitz (mita 964) hadi Karwendelhaus (karibu mita 1,770), kama kilomita 18 za barabara ya kokoto. Sehemu kubwa ya bonde ni mpando wa taratibu, halafu mwisho kuna mikunjo mikali inayobeba kimo kikubwa kilichobaki. Anayemaliza nguvu mapema kwa kukimbizana bondeni husukuma mwishoni. Dolomiti, barabara ya kokoto kutoka Pederü (mita 1,548) hadi vibanda vya Fanes na Lavarella (karibu mita 2,060) ni fupi lakini kali. Wengi hushuka na kusukuma, na si aibu.

Kwa familia, njia ya lami ya kati ya San Candido (Innichen) na Lienz ina kilomita 44 na karibu yote inateremka, kisha unarudi na treni. Kiangazi treni hujaa baiskeli, basi rudi mapema au kodisha baiskeli kwa wale wanaoruhusu kuiachia upande wa pili. Mpango mzuri kwenye mabonde haya ni kuchanganya: baiskeli hadi mwisho wa bonde, ifunge, kisha panda kwa miguu. Bonde la Fischleintal, juu ya Sexten, linafaa sana kwa hilo, na njia ya kutoka hapo inakufikisha Dreizinnenhütte, mita 2,405.

Ni kitu gani huharibika kwenye baiskeli, na kwa nini?

Breki, wakati wa kushuka. Mtu anashikilia breki ya nyuma kidogo kidogo mita 800 nzima za kimo, pedi zinachemka, uso wake unang'aa kama kioo, na breki inaanza kulia bila kushika. Breka kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia ipoe, na tumia breki zote mbili. Kabla ya safari angalia unene wa pedi: chini ya milimita 1, badilisha. Beba jozi moja ya akiba, maana kibandani hawauzi.

La pili ni pancha. Barabara hizi zimekatishwa na mifereji ya mbao au chuma ya kuondoa maji, na tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wake, tyubu hubanwa dhidi ya rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Inuka kwenye kiti, punguza mwendo, uvuke mfereji moja kwa moja, si kwa mshazari. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na kiungo cha mnyororo.

Kwa baiskeli ya umeme, betri ya Wh 500 na mtu wa kilo 80 anayekanyaga kweli hupanda kiasi cha mita 1,000 hadi 1,300. Usipange kuchaji kibandani bila kuuliza: kibanda cha umeme wa jua hakiwezi kulisha betri kumi usiku. Chaja yako ubebe mwenyewe.

Ng'ombe wa malishoni ni hatari?

Wakiwa na ndama, ndiyo, hasa ukiwa na mbwa. Mwaka 2014, katika bonde la Pinnistal huko Tirol, mwanamke aliyekuwa na mbwa aliuawa na ng'ombe. Wazunguke kwa mbali, usimguse ndama, mbwa awe kwenye kamba fupi, na wakikujia juu mwachie mbwa akimbie. Wanamfuata yeye. Kila geti ulilolifungua ulifunge. Wenye baiskeli husahau sana.

Radi na mvua?

Julai na Agosti mawingu hujijenga kuanzia mchana, na radi huja alasiri. Ondoka saa 1:00 asubuhi (7:00), na uwe umeshavuka sehemu ya juu kabla ya saa 7:00 mchana (13:00). Ukikutwa, teremka kutoka kwenye mgongo wa mlima, achia kamba za chuma, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, chuchumaa miguu ikiwa pamoja juu ya begi. Jioni muulize msimamizi kuhusu kesho. Utabiri wake kwa bonde lile ni bora kuliko wa simu.

Ajali ikitokea?

Piga 112 popote Ulaya, na simu hutumia mtandao wowote unaopatikana. Waokoaji wa milimani Austria ni 140, na helikopta za Rega Uswisi ni 1414. Taja kwanza mahali ulipo, kwa sababu mawasiliano yanaweza kukatika. Bila simu, toa ishara sita kwa dakika moja, yaani moja kila sekunde 10, kwa filimbi au taa, pumzika dakika moja, rudia. Jibu ni ishara tatu kwa dakika. Helikopta ikikaribia, mikono miwili juu kama herufi Y ni "nahitaji msaada". Mkono mmoja juu na mwingine chini ni "sihitaji". Kwa hiyo usiipungie kwa furaha.

Viza na bima?

Austria, Italia, Uswisi, Ufaransa, Ujerumani na Slovenia zote zimo ndani ya Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha hata njia ikivuka mpaka juu ya mlima. Beba pasipoti halisi, maana ukaguzi wa treni mipakani upo. Bima ya viza, ambayo lazima ifike angalau euro 30,000, hulipia matibabu, lakini soma kama inataja kuokolewa mlimani na helikopta. Nyingi huiondoa, na safari moja ya helikopta ni maelfu ya euro.

Kibanda kikiwa kimefungwa nje ya msimu, naweza kulala?

Vingi vina chumba cha majira ya baridi (Winterraum): vitanda, blanketi, jiko la kuni, sufuria, bila mtu. Uswisi na Ufaransa mara nyingi huachwa wazi. Austria vingi hufunguliwa kwa ufunguo wa chama, ambao mwanachama huuazima tawini kwake kwa kuweka dhamana, kabla ya safari. Kuni tumia kiasi, pasua nyingine kwa ajili ya atakayefuata, zima moto, fagia, funga madirisha ya mbao, weka malipo kwenye sanduku au tuma benki kwa namba iliyobandikwa ukutani. Maji kwa kawaida yamefungwa yasigande, kwa hiyo utayeyusha theluji: ndoo nzima ya theluji laini hutoa maji kidogo sana, na ukianza na vijiko vichache vya maji chini ya sufuria haitaungua.